Nywele zanitoka, niache dawa ya tezi?

Bi Mshauri, nina miaka 34, naishi Ngamiani, Tanga. Nimepimwa nikaambiwa tezi ya shingoni imelegea, nikaandikiwa levothairoksini ya mikrogramu 50. Naimeza alfajiri na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Mwezi wa pili huu, na nywele ndiyo kwanza zinazidi kutoka, kitana chajaa. Mama mkwe asema dawa ndiyo inayozinyonyoa, niiache, ninywe unga wa mwani na kupaka mafuta ya nyonyo. Mwezi ujao twamwoza wifi yangu, nataka kusuka rasta nizifiche. Nifanyeje? – Mama Wawili

Mdogo wangu, dawa usiiache. Cha kuacha ni ile chai ya maziwa.

Maziwa yana kalsiamu, na vidonge vya damu vina madini ya chuma. Vyote viwili hushikamana na levothairoksini tumboni, sehemu yake ikapita bila kuingia kwenye damu. Unameza 50, lakini mwili hauzipati zote. Kuanzia kesho, ukiamka kwa sala ya alfajiri, meza kidonge kwa glasi ya maji matupu, tumbo likiwa tupu. Chai, kahawa na chakula visubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya damu visogeze mpaka mchana au jioni. Kati yake na dawa ya tezi zipite saa nne. Dawa za kiungulia nazo ni hivyo hivyo. Ramadhani ikifika, waweza kumeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya mlo wa mwisho, au uamke mapema kabla ya daku. Na kwa joto letu la Tanga, vidonge vya tezi usiviweke jikoni wala dirishani: viache ndani ya pakiti yake, kwenye kabati lililo kavu na la baridi kidogo.

Sasa mama mkwe. Kosa lake laeleweka, maana ameona dawa na nywele zinazotoka kwa wakati mmoja. Ila kila unywele una muda wa kukua na muda wa kupumzika. Homoni ya tezi ikipungua, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha hudondoka miezi miwili mitatu baadaye. Zinazojaa kwenye kitana leo nyingi zilishalegea kabla hujameza hata kidonge cha kwanza. Zitaendelea kutoka kwa muda, ndipo zipungue. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hesabu nusu mwaka au zaidi tangu vipimo vikae sawa. Harusi ya wifi haitazikuta.

Kipimo cha TSH, homoni ya kuiamsha tezi ambayo hupanda tezi ikilegea, hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dozi, kwa hiyo wakati wako umefika. Lakini mwambie daktari ukweli kuhusu chai na vidonge vya damu. Usipomwambia, ataona TSH iko juu aongeze dozi. Halafu ukirekebisha unywaji, dawa inakuzidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, na nywele kutoka tena, kwani dawa ikizidi nayo huzitoa. Omba pia kupimwa akiba ya chuma, yaani feritini. Kama unatumia vitamini za nywele zenye biotini, ziache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, maana huvuruga majibu ya baadhi ya mashine.

Mwani ni riziki nzuri ya akina mama wa pwani yetu, na uishie hapo hapo. Una madini joto, kiasi gani kwenye kijiko hujui, na yakizidi yanaweza kuilegeza tezi zaidi. Nyonyo paka ukipenda. Hulainisha unywele, mzizi haiugusi.

Rasta hapana. Nywele dhaifu zikibebeshwa uzito, zinavutika pembeni mwa paji. Mvuto ukiwa wa muda mrefu mzizi hufa, na hapo hata tezi ikipona nywele hazirudi. Suka twende kilioni, legevu, bila kuongeza nywele za bandia, juu yake kilemba au wigi lisilobandikwa kwa gundi. Kichwa kikiuma au vipele vikitoka pembeni, fumua usiku huo huo. Dawa ya kulainisha nywele iahirishe.

Ukiona kiraka cha mviringo kisicho na unywele hata mmoja, hilo ni jambo jingine: kinga ya mwili inayoshambulia tezi huweza kushambulia na mizizi ya nywele. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Bombo au kwingine.

Na siku zako zikichelewa, pima mimba mapema. Ukiwa nayo, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo, usingoje kliniki ya wajawazito: dozi huhitaji kuongezwa tangu mwanzo, na mtoto anaitegemea.