Kabla Hujamkabidhi Fundi Mafao Yako

Wiki iliyopita mwalimu mmoja anayestaafu Desemba aliniandikia akiuliza kama ni kweli kwamba mimi na mume wangu tuliuacha msingi wa nyumba za kupangisha ukiota majani, tukaenda kufanya kazi ya kanisa kwa kujitolea katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa muda wa karibu mwaka mzima. Ni kweli, na kwa kuwa najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo ingawa mnaona haya kuitamka mbele ya watoto, nitamjibu hapa ili wote msikie.

Tulistaafu pamoja mwaka 2022, mimi mwalimu wa darasa la kwanza, mwenzangu fundi wa maji. Kwa kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai mwaka huo, malipo ya mkupuo yalikuwa asilimia 33 na kinachobaki kulipwa kila mwezi, kwa hiyo kila shilingi ilikuwa imekwisha kupangiwa kazi na ndugu kabla hatujaipokea. Kijana wetu mkubwa alituambia kwamba watu wazima hawachezei uzee wao. Maneno hayo yananichoma hadi leo. Hata hivyo kosa lilianzia kwetu, kwa sababu tuliwaeleza watoto wakati mabegi yamekwisha kufungwa. Wakalisheni chini mapema, muwaoneshe kwa karatasi ni fedha gani hamtaigusa.

Januari 2023 tulipanda treni ya reli ya kati, njia ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha tukachukua boti hadi kijijini. Usharika uliotupokea ulikuwa umeomba mwalimu wa watu wazima na fundi wa pampu, na ninawasihi msiende mahali ambapo hamkuombwa.

Nilifika na ratiba niliyoipiga mistari kwa rula, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi jioni. Siku ya kwanza walikuja wanawake 19. Wiki ya tatu nikabaki na watatu, nikaumia nikidhani nimedharauliwa. Kumbe kijiji kile hakiendi kwa juma, kinakwenda kwa mwezi wa angani. Usiku wa giza wavuvi huingia ziwani na taa za kuvutia dagaa, na mchana kutwa wanawake huwa mchangani wakianika, wakigeuza na kufukuza kunguru. Mbalamwezi ikijaa, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi hupumzika, na ndipo mama hupata nafasi ya kushika daftari. Nilipanga upya ratiba yote kwa kufuata mwezi, na darasa likajaa.

Muuza dagaa mmoja, bibi aliyenizidi umri, alishika penseli kwa ngumi kama mtu anayepaa samaki. Hakutaka kuanza na irabu. Alitaka tarakimu, kwa sababu mchuuzi alikuwa akichukua mzigo kwa mkopo na kuandika deni katika daftari ambalo bibi hakuweza kulisoma. Mwezi wa tano alilivuta daftari lile mbele ya watu, akaweka kidole juu ya mstari na kusema, "Hapa umeandika madebe sita, mwanangu, nami nilikupa manane." Mchuuzi alilipa palepale. Nilifundisha kwa zaidi ya miaka 30 na sikuwahi kujivunia kazi yangu kama jioni ile.

Mume wangu alikuta pampu ya mkono ambayo wageni wa kabla yake walikwisha kuitengeneza na kuondoka. Mpira wa pistoni ulikuwa umelika ukabaki mwembamba kama ukanda wa ndala. Alikataa kuigusa mpaka kijiji kichange fedha za vipuri na kutoa vijana wawili wa kujifunza, na kwa wiki sita watu waliendelea kuchota maji ziwani, huku kiongozi mmoja wa pale akisema kanisani, nasi tumeketi benchi la pili, kwamba wastaafu wa mjini ni wachoyo. Nimemsamehe, lakini sijasahau. Agosti pampu ilikorofisha tena, na vijana wale waliifungua na kuifunga wenyewe bila kumwita mtu. Kwa hiyo nasema tena: msiende kama wafadhili, nendeni kama wafanyakazi walioombwa.

Malaria ilimlaza mwenzangu mwezi wa Aprili, akapona. Juni tulivuka kwenda Hifadhi ya Gombe, mahali mtafiti Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, tukapanda mlima kwa mikono na magoti hadi sokwe jike na mwanawe wakapita karibu nasi. Novemba tuliaga, tukapitia Hifadhi ya Katavi kuwaona viboko waliobanana matopeni, tukafika maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200, kisha tukarudi Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Magoti yaliyotupandisha Gombe hayatakuwepo miaka kumi ijayo, mwalimu wangu, lakini msingi wa nyumba utakungoja. Usijidanganye kwamba utakwenda ukimaliza kuezeka.

Juni ijayo tunarudi kwa wiki tatu, kipindi cha mbalamwezi kikiwemo, maana bibi yule sasa anataka kujifunza kugawanya. Atakayependa kufuatana nasi aje na chandarua chake, dawa zake za kila siku za kutosha mwezi mzima, na barua ya mchungaji wake.