Mwanangu, sema ni wewe

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma usiku baada ya Isha, nikausoma tena asubuhi, nikaona jibu lake si la kusemwa kwenye simu na watu wanapita barazani. Umeniuliza mambo mawili. Vipimo vya spitali vimeonesha kwamba mbegu zako ni chache na mkeo hana tatizo. Shangazi zako wameshaanza kukutafutia mke wa pili. Je, uwaambie ukweli, au unyamaze mpaka maneno yapite? La pili, daktari amekutajieni kupandikiza mimba, nawe unataka kujua kama dini inaruhusu.

Nianze na la mwanzo, kwa sababu hilo nnalijua kwa machungu yangu mwenyewe.

Kabla ya mamaako nilikuwa na mke mwengine. Hilo unalijua, ila hujawahi kuambiwa kwa nini tuliachana, na mimi ndiye niliyetaka usiambiwe. Tulioana 1981. Tulikaa miaka sita bila ya mtoto. Watu wakasema ana chango, maradhi ya tumbo la uzazi. Akapelekwa kuchuliwa tumbo, akaambiwa kizazi kimekwenda upande. Akanywa mizizi michungu. Akaandikiwa kombe: sahani nyeupe, aya kwa zaafarani, ikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, akayanywa maji yake asubuhi saba kabla hajatia kitu kinywani. Mpaka leo namuona, rangi ya manjano imembakia pembeni mwa mdomo, anajifuta kwa ncha ya kanga. Mimi hapana aliyeniambia ninywe hata tone.

Siku moja kulikuwa na hakika, shughuli ya kumchinjia mtoto mchanga, nyumba ya jirani. Alikuwa amempakata kitoto, kimelala. Nimesimama mlangoni, nikamuona bibi wa mtoto anakuja, anamwambia, "Hebu nipe, anataka kunyonya," anamchukua. Mtoto yuko usingizini! Mke wangu alibakia na mikono vile vile, kama bado amempakata. Akanyanyua macho akanitizama. Mimi nikageuka nikaenda kukaa na wanaume.

Mwaka 1987 nikampa talaka. Alipomaliza eda akaolewa Chake Chake, na mwaka uliofuata akazaa. Amezaa watoto wanne. Mimi nikamuoa mamaako 1988, na wewe tukakupata 1994, wa mwanzo na wa mwisho. Hesabu hiyo kila mtu mtaani aliweza kuipiga, na hapana aliyeipiga kwa sauti. Badala yake wakaanza kumsema mamaako.

Sikupimwa hata siku moja, mwanangu. Ziko sababu ambazo baba humrithisha mwanawe, kwa hiyo mueleze daktari wako haya yote, usifiche hata moja. Nimechelewa mimi, yasikuchelewe wewe.

Unajua kazi yangu. Mbegu ya mkarafuu ukiiacha ikauke wiki moja tu, haioti tena. Miche isipochomoza, mkulima wa karafuu huanza kwa kuuliza mbegu imekaa siku ngapi. Nimefanya hivyo shambani maisha yangu yote, na nyumbani kwangu nikashindwa kuuliza.

Na hatukuwa na udhuru wa dini. Fungua Suratu Maryam, umsome Nabii Zakariya alipoomba mtoto. Alianza na nafsi yake: mifupa yake imedhoofika, kichwa chake kimejaa mvi. Baada ya hapo ndipo akamtaja mkewe kuwa ni tasa. Mimi aya hizo nilizihifadhi nikiwa chuoni, mdogo, na nimezisoma mara nyingi bila ya kuuona utaratibu wake.

Sasa nikwambie niliyoyapata kwa kuuliza, kwani tangu uniandikie nimekwenda kwa kijana wetu aliyesomea udaktari, yeye akanieleza kwa upole. Madaktari huanza kutafuta sababu mume na mke wakikaa miezi 12 pamoja bila ya kinga na mimba isitunge. Hampo peke yenu: Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kwamba katika kila watu sita, mmoja hupitia hali hii maishani mwake. Na katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume huwa ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Nusu! Na sisi kisiwa kizima tulikuwa tunachua matumbo ya wanawake.

Wewe umeandikiwa milioni 5 kwa mililita, na kiwango cha chini wanachokitizama ni milioni 16. Usikate tamaa kwa karatasi moja. Mbegu za mwanamme hupanda na kushuka, ndiyo maana kipimo hurejewa. Zinachukua kiasi cha miezi miwili na nusu kukamilika, basi homa kali uliyougua zamani kidogo inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Acha sigara, nnajua unavuta ingawa hunivutii mbele yangu. Muulize daktari kuhusu mishipa iliyovimba kwenye korodani, kwani hiyo baadhi ya watu hufanyiwa upasuaji mdogo wakapata nafuu. Na kama uliwahi kuugua matubwitubwi ukubwani, mwambie. Zile sindano za kutunisha misuli wanazopigana vijana huko wanakofanya mazoezi, usiziguse, zinazima mbegu kabisa.

Yasipofaa hayo, ndipo mnafika kwenye kusaidiwa. Kuna kuzisafisha mbegu zako na kuziingiza kwenye kizazi cha mkeo siku zile yai linapotoka. Kuna kupandikiza: mkeo anapigwa sindano ili mayai yapevuke mengi, yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu zako maabara, kisha kijusi kinarejeshwa tumboni mwake. Na kwa mwenye mbegu chache sana, wanachagua mbegu moja tu nzima na kuidunga ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Watoto wa mwanzo wa njia hiyo walizaliwa Brussels, Ubelgiji, 1992. Ulikuwa hujazaliwa bado. Walio kama wewe wanapata watoto kwa njia hiyo.

Lakini usimfiche mkeo uzito wake. Ni mamilioni ya shilingi, ni safari za Dar es Salaam, na wengi jaribio la mwanzo haliwashiki. Tena angalia: mgonjwa ni wewe, lakini sindano ni zake. Kila siku, tumboni, kwa ajili ya upungufu wako. Mwanamke anayekubali hilo huku watu wanamwita mgumba, na mumewe anajua ukweli na kanyamaza, huyo anadhulumiwa.

Kuhusu dini, sikutosheka na kichwa changu. Nilikwenda kwa sheikh. Nakumbuka 1978, nilipokuwa kijana, habari zilipoenea kuwa Uingereza kazaliwa mtoto wa kike, Louise Brown, aliyetungwa kwenye chombo kwa sababu mirija ya mamaake ilikuwa imeziba. Barazani tulisema ni kufuru, kisha tukaendelea na bao. Wanavyuoni, wao walikaa wakachunguza. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa kwamba inajuzu, maadamu mbegu ni za mume, yai ni la mke, na ndoa yao ipo. Mtu wa tatu haingii: si mbegu ya mwengine, si yai la mwengine, si tumbo la mwengine. Sheikh alisisitiza pia mtake uhakika kwamba maabara hawachanganyi, kwa ajili ya nasaba. Hilo liulizeni kwa mdomo wenu, msione haya.

Mambo yamebadilika, nayaona. Kijana yule wa udaktari ananambia sasa wanaume wanakuja wenyewe kupima, wengine na wake zao wamekaa benchi moja. Wakati wangu ungepita na kijikopo cha kutilia mbegu za kupimwa ungechekwa mpaka Micheweni. Ila mabadiliko hayo hayajafika jikoni kwa shangazi zako, na huko ndiko mkeo anakokaa siku za shughuli.

Mwaka jana, baada ya Idi, nilikwenda Chake Chake kumuomba radhi mke wangu wa kwanza. Mumewe alikuwapo, na mtoto wao mkubwa. Nilisema yote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Ungeyasema siku ile ya hakika." Halafu akanyanyuka kwenda kunipikia chai.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: sema. Huna haja ya kumueleza kila mpita njia. Shangazi zako wanatosha, wao watayafikisha kwengine. Waambie mkeo mzima, wewe ndiye unayetibiwa.

Nakuja na boti ya Alhamisi. Pesa za karafuu za msimu huu nimezitenga sehemu, ntazileta mkononi. Waalike shangazi zako Ijumaa baada ya sala, wale chakula kwako. Utasema wewe, na mimi ntakaa ubavuni mwako. Ulimi ukikuwia mzito, ntaanza mimi na langu la 1981.

Msalimie sana mkaza mwanangu. Siku hiyo asiingie jikoni, mamaako atapika.

Babaako