Ukikamatwa, taja jina lililo kwenye kitambulisho

Mimi ni katibu wa kikundi cha bodaboda hapa Likoni, na kazi moja ambayo haikuandikwa kwenye katiba yetu ni kwenda kituoni vijana wanaposhikwa. Askari nimeshawazoea. Kinachonichosha ni majina ya uongo.

Kijana anashikwa usiku kwenye msako. Anaulizwa jina, anabuni moja, anaona ameponyoka. Asubuhi mamake anafika kaunta na chupa ya chai, anataja jina alilompa mwanawe. Askari anapekua OB, daftari la matukio la kituo, hamna mtu huyo. Mama anaambiwa ajaribu kituo kingine. Mpaka tugundue kwamba "Brian" aliye seli ndiye Athumani wetu, gari la mahakamani limeshaondoka na aliyekuja kumdhamini amerudi kazini.

Na kosa limeongezeka. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamgusa anayempa mtumishi wa umma habari anazojua ni za uongo, akikusudia mtumishi huyo atende au aache jambo ambalo angeliamua vingine kama angeujua ukweli. Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 3. Mtu alishikwa kwa jambo ambalo pengine lingeishia kwenye faini!

Kuna pia kifungu cha 32 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Hata kwa kosa dogo ambalo kwa kawaida polisi huhitaji waranti, yaani kibali cha mahakama, ili akukamate, ukikataa kutaja jina na makazi, au ukitaja anayoyashuku, anaweza kukukamata hadi yajulikane. Yakijulikana, unatia sahihi bondi, yaani ahadi ya kufika mahakamani ukihitajika, unaachiwa. Saa 24 zikipita kabla hayajajulikana, unapelekwa kwa hakimu.

Wapo wanaotaja jina la ndugu au jirani. Hao hunimaliza subira kabisa. Asipofika kortini, waranti inatoka kwa jina la mtu aliyelala kwake.

Tena polisi huchukua alama za vidole. Siku ukitaka cheti cha tabia njema uende kutafuta kazi Ghuba, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, watapekua alama za vidole vyako, na "Brian" atatokea.

Kama unaogopa kujiharibia kesi, taja jina na unakoishi, kisha nyamaza. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki hiyo, pamoja na kuelezwa sababu ya kukamatwa na kuwasiliana na wakili. Huna kitambulisho mfukoni? Sema huna, umekiacha nyumbani, na uombe kumpigia mtu akilete.

Nanyi viongozi wa vikundi, kagueni daftari zenu. Letu lilijaa akina Chapati na Mzungu. Sasa kando ya kila jina la utani tumeandika la kitambulisho, namba yake na simu ya mtu wa nyumbani.