Kava ya injini inanizimia ndege

SWALI: Habari ya kazi fundi. Mimi huunda ndege ndogo za rimoti hapa Nakuru, sasa moja nimeitengenezea kava ya injini ya faiba, mbele nimeacha wazi mviringo wote ndio injini ipate hewa, lakini ikikaa juu dakika tatu hivi inachemka na kuzima, na mwendo wenyewe haujaongezeka hata kidogo. Nitoboe mashimo zaidi ama niitoe tu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiitoe ndugu yangu, na tafadhali usitoboe mbele tena. Shida iko nyuma. Hewa yote hiyo inaingia halafu haina pa kutokea, inajazana mle ndani, nyingine inarudi kwa ukingo wa mbele na kuvuruga ile inapita kando ya bodi, hapo ndio ndege inavutwa nyuma. Na silinda inabaki na joto lake, maana inapozwa tu na hewa inayogusa mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vinavyoizunguka, hiyo ingine yote ni mzigo.

Ziba mbele, bakisha tundu moja mkabala na kichwa cha silinda, tuseme sentimita 3 kwa 2. Ndani weka vipande vya balsa nyembamba, ule mti mwepesi, vikumbatie silinda, nafasi iwe milimita 2 au 3 tu, hewa ilazimike kupita katikati ya mapezi. Pa kutokea weka chini, nyuma kabisa, na pawe angalau mara mbili ya tundu la mbele, hapa ni sentimita mraba 12. Ukingo wa mbele upige msasa mpaka ukipitisha kidole usisikie kona, maana hewa ikikuta kona inabanduka.

Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kama asilimia 17 kuliko ya Mombasa, kwa hivyo vipimo vya mtu wa pwani usivichukue hivyo hivyo.

Kazi hii ni ya maana sana, mwaka wa 1928 Fred Weick na wenzake wa NACA, shirika la serikali la utafiti wa ndege kule Langley, Marekani, walifunika injini ya ndege kubwa kwa akili hii hii, na 1929 ndege ya Lockheed Air Express ikatoka maili 157 kwa saa ikafika 177, injini ni ile ile!

Ukimaliza, mara ya kwanza rusha dakika mbili tu, shuka, uangalie silinda kabla urudi juu.