Kabla ya kuanzisha shahada nyingine ya uhandisi kilimo

Nilipomaliza shahada, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufunga pampu ya petroli kwa kikundi cha wakulima wa mboga, Morogoro. Maji ya kisima yalikuwa mita 9 chini. Nikaiweka pampu juu, nikavuta kamba, injini ikanguruma vizuri tu. Maji hayakuja. Nikaijaza maji, nikakaza klipu za hosi, nikavuta tena mpaka bega likauma. Mzee mmoja, fundi baiskeli, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo inanyonya mpaka mita ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo kichwani. Mgandamizo wa hewa ndio unaoyasukuma maji juu, kwa hiyo pampu ya aina ile haivuti zaidi ya mita 7 hivi. Mtihani wake nilifaulu, ila hosi sikuwahi kuishusha kisimani. Mzee akashauri tuchimbe shimo tuishushe pampu. Nikakataa, maana moshi wa injini shimoni unaua. Tukairudisha dukani, mwenye duka akakata 80,000 yake.

Siku hizi nafundisha, na naulizwa sana jinsi ya kupanua fani hii. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo tangu 1984, wahandisi tunao, hata kama hawatoshi. Pengo kubwa ninaloliona ni mafundi sanifu, wale wa ngazi ya stashahada. Pawatila, yaani trekta ndogo za kuongoza kwa mikono, zilizoletwa enzi za Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuinua kilimo, kuanzia 2009, nimezikuta zimelala chini ya mwembe kwa kukosa beringi na mtu wa kuifunga. Kwa hiyo anzeni na stashahada, na fundi hodari wa mtaani mpeni darasa afundishe, hata kama cheti hana. (Ofisi ya utumishi itapiga kelele. Mlipeni kama kibarua.)

La pili ni kalenda. Fildi nyingi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, huangukia Julai na Agosti, ardhi imekauka, trekta limefunikwa turubai. Mwanafunzi anahitimu hajawahi kurekebisha kina cha plau kwenye udongo wenye unyevu. Fildi ipelekeni Dodoma mwezi Desemba, mvua zikianza, hata kama ratiba ya mitihani itavurugika.

Na kabla ya jengo la ghorofa, karakana. Humo wekeni trekta kuukuu lililokufa. Jipya litafungiwa stoo, na wanafunzi hawataruhusiwa kulifungua hata boliti moja.