Maswali na majibu: ukoo wa kangaruu

Swali: Kangaruu wako aina ngapi? (Msomaji, Tanga)

Inategemea unamhesabu nani. Wale wakubwa ni wanne: mwekundu wa nyika kame za ndani ya Australia, wa kijivu wa mashariki, wa kijivu wa magharibi, na mmoja wa kaskazini kwenye joto. Ukiwaingiza jamaa zao kama walabi na kangaruu-miti, ukoo unapita spishi 60.

Swali: Kangaruu-miti? Kweli wanapanda?

Wanapanda, na wanaishi humo. Makao yao ni misitu ya kisiwa cha Guinea Mpya na kona ya kaskazini-mashariki ya Queensland. Ajabu ni kwamba mababu wa kangaruu wote walikuwa wa mitini, wakashuka, wakajifunza kuruka, kisha hawa wakarudi juu. Kushuka kwao ni kwa kinyumenyume, mkia ukitangulia.

Swali: Mbona Afrika hatunao?

Wanyama wenye mfuko waliingia Australia kutoka Amerika Kusini kupitia Antaktika, enzi mabara hayo yalipokuwa bado yameshikana na Antaktika ina misitu. Afrika ilikuwa imekwisha kujitenga. Huko Murgon, Queensland, yamepatikana mabaki yao ya miaka milioni 55 hivi. Kangaruu wenyewe walitokea baadaye, huko huko.

Swali: Mbona huku Mugumu usiku tunamwona mdogo wake akirukaruka?

Huyo ni kamendegere, ndugu yangu, mgugunaji kama panya. Hana mfuko, na mtoto wake huzaliwa na manyoya yake. Wa kangaruu mwekundu huzaliwa baada ya siku 33 tu, hafiki gramu moja, mdogo kama harage, haoni, miguu ya nyuma bado vijinundu. Hata hivyo hujivuta mwenyewe kwa mikono kwenye manyoya ya mama mpaka mfukoni, akang'ang'ania chuchu. Atatoka kabisa baada ya miezi minane hivi, lakini ataendelea kuingiza kichwa kunyonya. Hapo mdogo wake huwa ameshazaliwa na ana chuchu yake, na mama hutoa maziwa ya aina mbili kwa wakati mmoja, kila mtoto na yake. Sijui mama gani mwingine angeyaweza hayo!

Swali: Hupigana ngumi?

Mikono ni ya kushikana tu. Pigo lenyewe liko nyuma: dume hujiegemeza mkiani, akarusha miguu yote miwili tumboni mwa mwenzake. Dume kubwa jekundu hupita kilo 80, basi ukienda huko piga picha kwa mbali.