Muulize Fundi: Dude la Shaba Lenye Vifuniko

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga tromboni kwenye kikundi cha matarumbeta hapa Lindi, hela ya korosho ikishatoka harusi zinafululiza hatulali. Juzi dogo mmoja katuletea picha kwenye simu, dude la shaba limesimama wima, vifuniko kibao, limeandikwa ophicleide. Wenzangu wanabisha eti ni saksafoni ya zamani tu. Ni kweli? Halafu saksafoni yetu noti za chini zinagoma, tatizo nini? – Mpiga tromboni, Mtanda

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wameangalia vifuniko wakasahau kuangalia pa kupulizia. Saksafoni ina kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka, ofikleidi haina, ina kikombe cha kupulizia, unatetemesha midomo kama kwenye hiyo tromboni yako, kwa hiyo huyo ni ndugu yako wewe. Aliibuni Jean Hilaire Asté, maarufu kwa jina la Halary, Paris mwaka 1817, na jina lake ni la Kigiriki, nyoka na ufunguo.

Vifuniko vinakuwa 9 mpaka 12, vyote vimeziba isipokuwa kimoja kile cha karibu na mdomo mpana unakotokea mlio, chenyewe kinakaa wazi ukibonyeza ndo kinaziba. Na bomba lake sasa, bati la shaba linakunjwa juu ya chuma chembamba huku kinene kule, mshono unaungwa kwa moto, halafu ili lipindwe bila kubonyea wanajaza madini ya risasi yaliyoyeyushwa au lami ya moto ndani, ikiganda wanapinda, kisha wanaiyeyusha itoke. Mafundi sufuria wetu mshono wangeuweza, kwenye kupinda hapo sijui!

Mtunzi Mfaransa Berlioz aliiweka kwenye simfoni yake, muziki mrefu wa okestra, ya 1830, ila tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito lenye vali badala ya vifuniko, ilipotoka Berlin 1835 ofikleidi ikaanza kusukumwa pembeni taratibu, siku hizi noti zilizoandikiwa ofikleidi wengi wanazipiga kwa tuba.

Saksafoni yenu ugonjwa wake ndo ule ule wa ofikleidi, ngozi za chini ya vifuniko zikikauka upepo unavuja. Chukua karatasi ya kusokotea sigara, iweke chini ya kifuniko, funga kwa nguvu ile ile ya kupiga, ivute polepole. Ikichomoka kirahisi ujue hapo panavuja. Zungusha pande zote, anzia vifuniko vya juu maana kimoja tu cha juu kikivuja noti zote za chini zinagoma. Na tafadhali msipake supagluu.